Biolojia chuoni, Mombasa: namna ya kuisoma kwa mikono

Wengi wanaoingia chuoni kusoma biolojia wametoka sekondari wakitegemea kukariri. Kukariri kumewavusha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, lakini katika mwaka wa kwanza wa chuo ndiko kunakowaangusha. Mada ni nyingi, maswali hayaulizi tena "taja" bali "eleza kwa nini", na sehemu kubwa ya alama za muhula hutoka kwenye vipindi vya maabara na ripoti zake. Kinachobaki kichwani baada ya miezi mitatu ni kile ambacho mkono umekichora, umekipima au umekihesabu. Kwa hiyo tutaanzia maabara, tushuke mikokoni, kisha ndipo turudi kwenye noti.

Anayesoma Mombasa ana bahati ambayo wa Nairobi hana. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM) kiko Tudor, karibu na hori yenye mikoko. Makao makuu ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, yako Mkomani. Miamba ya matumbawe iko mbele ya Nyali na Bamburi. Mikoko ambayo wengine huiona kwenye picha, wewe unaifikia kwa matatu moja.

Usiku wa kuamkia maabara

Karatasi ya maelekezo isome usiku uliotangulia, si mlangoni. Andika hatua zake kwa maneno yako, mistari sita hadi minane inatosha. Chora jedwali tupu la matokeo na uweke vipimo (g, mL, °C, dakika) kwenye kichwa cha kila safu, ili ndani ya visanduku ziingie namba tupu. Kisha tafuta hatua ambayo ukiikosea huwezi kuirudia ndani ya saa tatu za kipindi, uipigie mstari mwekundu. Karibu kila zoezi lina moja.

Kundi la watu watano huwa na hadubini moja, na asiyejua anachotafuta huishia kuwa karani wa kundi. Anaandika namba za wenzake muhula mzima, halafu mtihani wa vitendo unampata hajawahi kugusa lenzi. Zungusheni kazi kila wiki.

Koti liwe la pamba. Nailoni huyeyukia mwilini ikishika moto. Ndara hurudishwa mlangoni. Ncha za mtandio ziingizwe ndani ya koti, na mikono mipana ya buibui ikunjwe na kubanwa kwa mpira kabla moto wa Bunsen haujawashwa.

Hadubini

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi katika muhula wa kwanza, kwa sababu kila somo litakalofuata litakurudisha hapa.

Anza na kitunguu maji. Kata kipande cha gamba la ndani, chenye upana wa sentimita moja. Upande wake wa ndani uliobonyea kuna utando mwembamba. Ung'oe polepole kwa kibano. Weka tone moja la maji katikati ya slaidi, utandaze utando juu yake usijikunje, ongeza tone la iodini, kisha teremsha kifuniko cha kioo kwa mshazari: ukingo mmoja uguse maji kwanza, mwingine uushikilie kwa sindano mpaka ulale wenyewe. Ukikidondosha bapa, utafunga viputo vya hewa. Kiputo ni duara kamili lenye ukingo mnene mweusi na katikati hakina kitu, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayekichora vizuri sana na kukiita seli. Maji yakizidi na kifuniko kikaelea, yanyonye pembeni kwa ncha ya karatasi ya shashi.

Anza kila mara na lenzi ya x4. Ukitazama kwa pembeni, si kupitia lenzi, pandisha jukwaa linaloshika slaidi hadi karibu na lenzi. Kisha tazama ndani na ulishushe jukwaa taratibu mpaka picha itokee. Kwa mwendo huo lenzi haiwezi kugonga slaidi. Peleka unachokitaka katikati ya duara, hamia x10, halafu x40. Kuanzia x40 gurudumu kubwa la kurekebishia picha usiliguse kabisa, tumia dogo. Na kama seli hazionekani vizuri, punguza mwanga kwa kiwambo kilicho chini ya jukwaa kabla hujaongeza rangi. Wengi hufungua mwanga wote, wakashangaa kwamba seli zisizo na rangi zimepotea.

Ukiona doa, zungusha lenzi ya jicho. Doa likizunguka nayo, uchafu uko huko. Lisipozunguka, sogeza slaidi: likisogea, liko kwenye slaidi. Lisipofuata kimojawapo, angalia lenzi ya chini, ile inayoelekea slaidi. Futa kwa karatasi ya lenzi pekee. Shati na koti hukwaruza. Kuna na janga letu la pwani: unyevu. Hadubini ikifungiwa kwenye sanduku la mbao kwa likizo nzima huota ukungu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba zisizofutika kwa nje, na picha huwa kana kwamba unatazama kupitia mvuke. Pakiti za jeli ya silika ndani ya sanduku husaidia, mradi zikaushwe au zibadilishwe zikishashiba maji. Ukikuta lenzi ya namna hiyo mwambie fundi wa maabara akubadilishie, usijaribu kuifungua.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayopoteza alama kuliko zote. Juu ya lenzi ya jicho mara nyingi pameandikwa namba ya uwanja, tuseme 18. Igawe kwa nguvu ya lenzi ya chini upate upana wa duara unaloliona: kwa x10 ni mm 1.8, kwa x40 ni mm 0.45, yaani mikromita 450. Chukua x10, pangilia seli za kitunguu kichwa kwa mkia, uhesabu zinazoenea kipenyo chote. Zikiwa 6, kila moja ina urefu wa karibu mm 0.3. Ukiichora seli hiyo kwa urefu wa mm 90 kwenye karatasi, ukuzaji wa mchoro wako ni 90 ÷ 0.3 = x300. Nusu ya darasa itaandika x100, kwa sababu jicho x10 mara lenzi x10 ni 100. Hiyo ni nguvu ya hadubini. Mchoro una ukuzaji wake, na unategemea ukubwa ulioamua kuchorea.

Mchoro wenyewe uwe wa penseli ya HB iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, bila kivuli wala rangi. Ujaze angalau nusu ya ukurasa. Mistari ya majina ipigwe kwa rula, isikatane, na majina yote yakae upande mmoja. Chora seli mbili au tatu ulizoziona, kwa maumbo yake yaliyopinda. Ukichora zile sita za pembe kali za kitabuni, mhadhiri atajua hukutazama.

Miyeyusho

Mwanafunzi wa biolojia akifeli mwaka wa kwanza, mara nyingi ni kemia iliyomwangusha: moli, pH, na kuchanganya dawa. Jizoeze mapema.

Kutengeneza mL 250 za sukari ya sukrosi ya moli 0.5 kwa lita: uzito wa moli moja ni g 342.3, hivyo 342.3 × 0.5 × 0.25 = g 42.8. Yayeyushe kwenye maji yaliyosafishwa kiasi cha mL 150, mimina kwenye chupa ya kupimia, suuza bika na maji hayo uyaongeze humo, kisha jaza hadi alama ya 250. Kosa la kawaida ni kumimina sukari kwenye mL 250 za maji. Sukari nayo ina ujazo wake, kwa hiyo mchanganyiko unazidi mL 250 na nguvu yake inapungua.

Kupunguza nguvu ni kanuni ile ile ya C₁V₁ = C₂V₂. Unataka mL 100 za pombe ya asilimia 70 ya kuhifadhia wadudu na unayo ya 95: 70 × 100 ÷ 95 = mL 73.7, ujazie maji hadi 100.

Miyeyusho hiyo ya sukari utaitumia kwa zoezi la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli, na viazi mbatata. Vipande viwe na urefu sawa, bila ganda, na vitoke kiazi kimoja. Kabla ya kupima uzito wa mwisho vikaushe kwa shashi, kwa mgandamizo ule ule kila kimoja, la sivyo unapima maji ya nje. Andika badiliko kwa asilimia ya uzito wa mwanzo, kwa sababu vipande havikuanza na uzito mmoja. Mahali ambapo mstari wa grafu unakata sifuri ndipo mahali penye jibu, yaani nguvu ya sukari inayolingana na ya ndani ya kiazi, na wanafunzi wengi huishia kueleza ncha mbili za grafu wakapasahau hapo.

Agari na bakteria

Agari ya kawaida ya virutubisho, jeli ya kuoteshea bakteria, huchanganywa g 28 kwa lita, lakini soma kopo, maana aina hutofautiana. Kwa mL 250 ni g 7, na zinatosha visahani 12 hivi vya Petri. Chupa isijazwe zaidi ya theluthi mbili na kifuniko kilegezwe kabla ya kuingia otoklavu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu), nyuzi 121 kwa dakika 15. Iache ipoe hadi karibu nyuzi 50, kiasi cha kuweza kuishika chupa bila kuungua, ndipo umimine. Ikiwa moto zaidi, mvuke utageuka matone juu ya kifuniko, matone yadondoke na kuyaunganisha makoloni yote, yaani madoa ya bakteria. Ikipoa sana itaganda kwa madonge mkononi mwako. Na kabla ya kumimina zima feni. Kwa joto la Machi hapa Mombasa ni adhabu, lakini feni hiyo ndiyo inayoshusha mbegu za ukungu kwenye kila kisahani. Visahani vikishaganda vigeuzwe juu chini.

Kwa kuhesabu bakteria wa maji: mL 1 ya maji unayoyapima ndani ya mL 9 za maji safi yaliyochemshwa otoklavu ni moja ya kumi, endelea hivyo hadi hatua ya nne au ya tano, kila hatua na pipeti mpya. Ukirudia pipeti moja unabeba bakteria wa chupa nzito na kuwatia kwenye nyepesi. Paka mL 0.1 kwa kisahani. Siku ya pili hesabu visahani vyenye makoloni kati ya 30 na 300 tu. Makoloni 84 kwenye hatua ya 10⁻⁴ ni 84 ÷ (0.1 × 10⁻⁴), sawa na 8.4 × 10⁶ kwa mL. Mgawanyo wa 0.1 ndio husahaulika, na jibu linatoka dogo mara kumi.

Rangi ya Gram, ya kutofautisha bakteria wanaobaki zambarau na wanaotoka waridi, haina mengi: zambarau dakika 1, iodini dakika 1, pombe, safranini nusu dakika hadi moja, na maji kati ya kila hatua. Mstari mwekundu pale kwenye pombe. Sekunde 10 hadi 20 zinatosha. Ukizidisha, bakteria wa zambarau watatoka waridi na utaripoti kinyume. Tumia pia bakteria wa saa 18 hadi 24, kwa sababu wazee hupoteza zambarau hata ukifanya kila kitu sawasawa.

Kushuka mikokoni

Kwanza maji. Chagua siku za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji hupwa mbali zaidi. Tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita 4. Mombasa, kupwa kwa bamvua huangukia karibu na saa nne au saa tano asubuhi, jambo linalofaa ratiba ya chuo. Siku za maji mafu usijisumbue. Tazama jedwali la maji la Kilindini, na kumbuka limeandikwa kwa saa za kizungu: 10:40 ni saa nne na dakika arobaini. Ingia muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na maji yakigeuka anza kutoka, hata kama umebakiza eneo moja. Kila siku wakati husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo safari ikiahirishwa siku tatu, ratiba nzima ipangwe upya.

Vaa raba kuukuu za kamba. Gambuti hunasa kwenye tope, mguu ukatoka na kiatu kikabaki. Hori ya Tudor hupokea majitaka ya mitaa, hivyo kidonda chochote kifungwe kabla ya kushuka, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Kenya ina aina tisa za mikoko, na anayeifahamu kwa majina ya nyumbani ana nusu ya kazi. Tazama mizizi kwanza. Mkoko, Rhizophora mucronata, una mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu. Mchu, Avicennia marina, umezungukwa na vijiti vyembamba vinavyochomoza topeni, na jani lake ukililamba lina chumvi. Mlilana, Sonneratia alba, nao una vijiti, ila vinene na vyenye ncha ya pia. Muia, Bruguiera gymnorhiza, hutoa mizizi iliyopinda kama goti. Mkandaa ni Ceriops tagal, mkomafi ni Xylocarpus granatum. Andika jina la kisayansi kwa herufi ya mlazo, au lipigie mstari ukiandika kwa mkono. Neno la kwanza kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo. Alama hizo ni za bure na watu huzitupa.

Nyosha kamba kutoka ukingo wa maji kuelekea nchi kavu, na kwenye kila ukanda, yaani sehemu inayotawaliwa na aina fulani ya mti, weka maeneo ya mita 10 kwa 10, angalau matatu. Mahali pa kuyaweka pachaguliwe kwa namba za bahati nasibu. Ukichagua kwa macho utachagua penye kupitika, na penye kupitika ndipo palipokatwa miti.

Mzingo wa shina hupimwa kwa futi kamba kwenye urefu wa mita 1.3 toka ardhini. Kwa mkoko wenye mizizi mirefu kipimo hicho hakina maana, kwa kuwa huenda bado uko kwenye mizizi. Pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Mzingo gawa kwa 3.14 upate kipenyo: cm 22 ni cm 7. Watafiti wengi huhesabu miti kuanzia kipenyo cha cm 2.5, na midogo kuliko hiyo huandikwa kama michipukizi. Mashina 37 ndani ya eneo moja ni 3,700 kwa hekta. Mti wenye mashina matatu chini ya m 1.3 ni mashina matatu; kubalianeni kabla ya kuanza, kwa sababu makundi mawili yakihesabu tofauti data haiunganiki tena.

Utatarajia mlilana mbele, mkoko katikati, mkandaa na mchu nyuma. Halafu utaukuta mchu mbele pia. Usiufute. Mchu huvumilia mafuriko ya kila siku na huvumilia chumvi kali ya nyuma ambako maji hufika mara chache na jua hukausha, kwa hiyo huota pande zote mbili. Hiyo peke yake ni ukurasa mzima wa majadiliano, ukiwa na vipimo vya chumvi. Chimba shimo dogo kila ukanda, subiri maji yachuruzike, pima kwa kipima chumvi kilichosawazishwa kwenye sifuri kwa maji yaliyosafishwa. Bahari ni kama 35 kwa elfu. Ukanda wa nyuma huzidi hapo.

Majani ya kukausha yabanwe kati ya magazeti, na kwa unyevu wetu magazeti yabadilishwe kila siku, mara mbili wakati wa masika, la sivyo yataota ukungu. Kukata mikoko kunahitaji ruhusa ya Huduma ya Misitu, na ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa haichukuliwi hata kombe tupu. Piga picha ukiweka rula pembeni. Kibali huombwa kupitia idara, wiki kadhaa kabla.

Ripoti

Iandike ndani ya saa 48, kabla hujasahau kwamba kisahani cha tatu kilipasuka. Kila wastani uende na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka wastani) na idadi ya vipimo. Usiandike "makosa ya kibinadamu". Sema kosa lipi, na lingesukuma jibu upande gani. "Vipande havikukaushwa, kwa hiyo uzito wa mwisho ulizidi" ni sentensi yenye alama. Matokeo yaliyokwenda kinyume yaachwe yalivyo. Mhadhiri ameliona zoezi hilo mara nyingi na namba za kupikwa huzitambua kwa unadhifu wake.

Kurudi kwenye noti

Chukua karatasi tupu, funga daftari, chora mzunguko wa Krebs (wa kutoa nishati ndani ya seli) au nefroni (kichujio cha figo) kwa kumbukumbu, kisha sahihisha kwa kalamu nyekundu. Rudia baada ya siku 1, 3, 7 na 21. Kusoma noti tena na tena kwa kalamu ya rangi ya njano hakufanyi kazi. Kunakupa tu hisia ya kujua. Jenetiki haisomwi, hufanywa: maswali kumi ya mseto kwa wiki.

Mafunzo ya nje

Taasisi nyingi huchukua wanafunzi wa mazoezi ya kazi kwa miezi miwili au mitatu, na nafasi za KMFRI au za taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, kule Kilifi hugombaniwa. Peleka barua miezi minne au mitano kabla: barua ya idara, wasifu wa ukurasa mmoja, nakala ya matokeo, na bima ya ajali, ambayo taasisi nyingi huidai. Kwenye wasifu usiandike "nina bidii". Andika unachoweza kufanya bila kusimamiwa: kupunguza nguvu ya miyeyusho kwa hatua na kuhesabu makoloni, rangi ya Gram, kupima mikoko kwa maeneo ya mita 10, kuchora grafu zenye mkengeuko sanifu. Msimamizi huanza kuuliza maswali kutoka kwenye orodha hiyo, kwa hiyo usiweke ambalo huwezi kulifanya papo hapo mbele yake.